Bafle Iliyogeuziwa Mto

Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya tena.

Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote, na si ya gitaa wala ya bunduki, ingawa hizo mbili nilizisikia mpaka nikashiba. Ni sauti ya ampli ya lampu, mashine ya kukuza sauti ya gitaa, iliyozimwa sasa hivi. Bati lake limepanuka kwa joto, sasa linapoa, linajirudi, linagonga kidogo kidogo kama kuku anayedonoa sahani ya chakula. Papa Anselme, fundi aliyenifundisha kazi, hakutaka mtu aongee wakati huo.

"Acha ipumuzike," alikuwa anasema. "Imetumika kupita sisi bote."

Ninyi vijana mnakuja kwangu na simu zenu, mnanionyesha jinsi simu inavyoiga ampli za kila aina, na mimi sicheki. Nafurahi kabisa. Ningekuwa na umri wenu ningelala na hiyo simu sikioni. Ila kila mara mnaniuliza jambo lile lile: "Maman Mado, ile sauti yenyewe, ya zamani, ilikuwa inatoka wapi?" Basi, macho yangu yamekataa kuona waya nyembamba, chuma cha kulehemu nimekiweka chini, kazi nimeiacha. Mdomo haujaacha kazi. Kaeni, niwaambie.

Kwanza, sauti haitoki kwenye gitaa. Gitaa la umeme bila ampli ni nzi ndani ya chupa. Nyuzi zinatikisika, sumaku iliyo chini yake inatoa umeme kidogo sana, kiasi ambacho hata mende hangeshtuka. Umeme huo ndio unaoingia kwenye lampu. Lampu ya ampli si ya kuangaza nyumba. Ni chupa ndogo ya kioo isiyo na hewa ndani, ina uzi unaowaka mwekundu, na kazi yake ni kupokea kidogo na kutoa kingi. Ukiipa kidogo, inakuza vile vile ilivyopokea, safi. Ukiipa kingi kupita uwezo wake, haikatai ghafla. Hapo ndipo utamu ulipo. Transista ikijaa inakata sauti kama kisu. Lampu ikijaa inaikunja, polepole, kama mama anavyokunja liputa yake ya kujifunga kiunoni kabla ya kuiweka sandukuni. Zile pembe za sauti zilizokunjwa ndizo mnazozipenda na hamjui jina lake.

Halafu inakuja bafle, lile sanduku lenye spika. Watu wengi wanalidharau. Wananunua ampli nzuri, wanaipeleka kwenye sanduku lolote. Ni sawa na kupika pondu, majani ya muhogo, vizuri, na mawese mazuri, halafu unaipakua kwenye ndoo ya petroli. Spika ni karatasi. Karatasi! Inasukuma hewa mbele na nyuma, na kwa sababu ni karatasi haiwezi kufuata zile sauti kali kabisa za juu, inaziacha. Bila karatasi hiyo, gitaa lingekukwaruza meno. Nikiwa msichana niliota nitajenga bafle ambayo mtu akipiga gitaa hapa Kisangani, wavuvi wa Basoko, mbali huko chini ya mto, wanainua vichwa. Papa Anselme aliniuliza wavuvi wa Basoko wamenikosea nini.

Yeye alikuwa fundi wa redio tangu zamani. Mimi niliacha shule vita vilipoingia, na kwa kuwa nyumba yetu na karakana yake zilitenganishwa na ua wa matete tu, nilianza kwa kuchungulia, nikaendelea kwa kufagia, nikajikuta nimeshika chuma cha kulehemu. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa sauti. Kilikuwa kutokufa. Ampli ya lampu inaficha umeme ndani yake hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umeme huo haujui kama wewe ni fundi au mgeni. Mafundi wanaume huweka mkono wa kushoto mfukoni, ili umeme ukiukamata mkono wa kulia usipate njia ya kupita kifuani kwenda mkono wa pili. Mimi nilivaa liputa. Mfuko uko wapi?

Papa Anselme alikuna kichwa. "Bon. Mukono ya kushoto, tia mu liputa, kule nyuma ya mugongo."

Nikafanya kazi hivyo miaka yote, mkono mmoja mgongoni kama bwana mkubwa anayekagua shamba lake. Wateja walicheka sana. "Angalieni patron," walisema, "leo anatutembelea." Wacheke. Mimi niko hapa nawasimulia.

Mjue pia kwamba wakati ule mto ulikuwa umefungwa. Boti za Kinshasa hazipandi, na bila boti lampu hazipo. Kilichokufa kilitengenezwa na kilichokufa kabla yake. Tulichomoa lampu kwenye redio za zamani, kwenye gramafoni zilizolala chini ya vitanda vya watu. Petroli haikuwepo, mji ukapanda baiskeli, na ndivyo nilivyozoea kubeba ampli nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, dereva ananiambia, "Dada, hiyo mutoto yako iko nzito, baba yake ni nani?"

Hata umeme wenyewe ulikuwa na tabia zake. Bwawa la Tshopo lilikuwa na mitambo iliyochoka, na jioni kila nyumba ikiwasha, umeme unashuka, balbu zinakuwa na rangi ya mawese. Siku moja wakati kama huo mpiga gitaa tuliyemwita Tonton Sefu, yaani mjomba Sefu, alikuwa anajaribu gitaa lake kwetu. Alisimama ghafla.

"Mado! Njo leo imekuwa tamu! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Tonton. Ni courant imeshuka."

"Basi asubui pia uniletee hiyo courant."

Alisema kweli, ilikuwa tamu. Lampu ikipata umeme pungufu inalegea mapema, inakunja pembe hata ukipiga polepole, na gitaa linaongea kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri. Msifanye hivyo kila siku, lampu inaumia. Lakini nadhani Tonton Sefu ndiye mtu pekee mji mzima aliyesikitika umeme ulipopanda.

Sasa niwaeleze huyu Tonton Sefu, maana habari yenyewe ni yake. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa zamani wa mji, wale ambao babu za babu zao walikuja na misafara wakakaa. Alikuwa mpiga gitaa wa sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo mwimbaji ananyamaza na gitaa linawachukua watu. Vita vilitawanya okestra yake, huyu akakimbilia huku, yule kule, akabaki yeye, gitaa, na ampli moja yenye lampu kubwa mbili ambazo hazikuwa na ndugu tena Kisangani nzima. Zikifa hizo, amekwisha kazi.

Mama yake, Koko Mwamini, aliishi ng'ambo, Lubunga. Koko kwetu ni bibi, na yeye alikuwa koko wa watu wengi wasio damu yake. Kabla ya vita, kuvuka mto kulikuwa jambo la kuingia kwenye pirogi na kulalamika kuwa maji yameingia viatuni. Kisha wanajeshi wakakataza. Hakuna pirogi kuvuka, kwenda wala kurudi. Na katikati ya hayo Zaina, binti wa Tonton Sefu, akachumbiwa, siku ikapangwa, bibi yake yuko ng'ambo anaonekana kama nukta.

Wavuvi wa Wagenia peke yao waliachwa waende kwenye mitego yao pale kwenye maporomoko, na habari zilipita huko, mdomo kwa mdomo, kutoka mvuvi wa upande ule kwenda mvuvi wa upande huu. Habari inaweza kuruka mawe. Koko mwenye magoti mabaya hawezi. Basi siku moja mvuvi alikuja karakanani, maji bado yanamdondoka, akamkuta Tonton Sefu amekaa na sisi.

"Mama yako anakusalimia. Anasema, arusi isimungoje. Lakini upige gitaa nguvu, asikie kule. Atakaa pale chini, kwa maji. Akisikia, ataonyesha liputa ya manjano."

"Na asiposikia?"

Mvuvi alijikuna shingo. "Anasema asiposikia atajua ulimusahau."

Sote tulicheka, maana ndivyo alivyokuwa, Koko Mwamini, alichokonoa watu kwa upendo. Tonton Sefu alicheka pia, halafu akaacha. Koko yule ndiye aliyemwimbia Zaina akiwa mchanga wimbo wake mwenyewe wa kubembeleza, mama Zaina akiwa mgonjwa. Tonton alikuwa ameahidi zamani kwamba siku ya harusi ya Zaina ataugeuza wimbo ule kuwa sebene, na mama yake atacheza mbele. Sasa mto uko katikati.

"Nitafungua ampli mpaka mwisho," alisema.

"Ukifungua mpaka mwisho kutwa nzima," Papa Anselme akajibu, "lampu zitakufa mbele ya wali kuiva."

"Alors, nifanye nini, Papa? Nipige kelele?"

Papa Anselme aliitazama ile ampli kama daktari. Kisha akasema neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Hatuongeze ampli. Tunaongeza bafle."

Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi wenu mnakosea hapa hapa. Mkitaka sauti kubwa mnatafuta nguvu zaidi. Lakini spika moja inaweza kupokea umeme ule ule na kutoa sauti mara nyingi kuliko nyingine. Spika za sinema za zamani zilitengenezwa hivyo, maana ampli za siku zile zilikuwa ndogo na ukumbi mkubwa. Papa Anselme alikuwa na moja, kutoka sinema iliyofungwa kabla mimi sijazaliwa, imekaa chini ya meza. Spika ya Tonton Sefu mwenyewe ilikuwa ya pili. Mbili zikisukuma pamoja zinashika hewa zaidi kuliko moja.

Na sanduku je? Seremala aliyepatikana alikuwa Papa Bolema. Mtu mwema, mikono mizuri sana, lakini miaka ile kazi iliyomfikia ilikuwa ya aina moja, nanyi mnaweza kukisia. Alikuwa hajatengeneza kabati wala kitanda tangu vita vilipoanza. Tulimpa vipimo, akaleta bafle. Tuliposhusha lile gunia lililoifunika, Tonton Sefu alirudi nyuma.

"Papa Bolema. Hii ni sanduku ya maiti."

"Ni bafle."

"Iko na vishikio vine. Mbili kila upande."

"Utaibeba namna gani?"

Mbao zilikuwa nyembamba, zimeungwa vizuri, zimepakwa ile rangi nyeusi inayong'aa. Na nyuma alikuwa ameipigilia misumari kwa heshima zote. Sasa Papa Anselme alitaka nyuma iwe wazi. Niwaelezeni sababu. Spika inasukuma mbele na pia inasukuma nyuma. Ukifunga nyuma ya bafle, sauti nzito inakaza, inakuwa na kifua, na yote inakwenda mbele. Ukiacha nyuma wazi, sauti nzito zinapungua kidogo, lakini gitaa linapumua, linajaza mahali pote. Mpango wa Papa Anselme ulikuwa huu: uso wa bafle uangalie mto, kwa ajili ya Koko, na wageni wa harusi wasikie mgongo wake. Uwanja wa familia ulishuka mpaka kwenye maji, kwa hiyo iliwezekana.

"Fungua nyuma, Papa Bolema."

"Mimi," alisema seremala kwa uchungu, "sanduku zangu hazifunguliwe."

Alifungua. Alitumia nyundo, patasi, na maneno ambayo sitayarudia. Kisha Papa Anselme akamwomba mbao mbili pana zaidi, za kukaa mbele, kila moja ikifunguka kwenda nje kama mlango ulioachwa wazi. Papa Bolema hakuelewa, mimi pia sikuelewa. Papa Anselme akamwonyesha mkono kule kwenye maporomoko. "Umeona mutego wa Wagenia? Kikapo kubwa, mudomo pana, nyuma nyembamba. Samaki anaingia kwa kubwa, anabanwa kwa ndogo. Sisi tunageuza. Sauti inaanza kwa ndogo, inatokea kwa kubwa, na haipotee pembeni." Ukiweka viganja vyako kando ya mdomo ukaita mtu aliye mbali, umefanya bafle ya namna hiyo. Hakuna kilichoongezwa, ila kile kilichokuwa kinamwagika pembeni kimekusanywa kikapelekwa kwa mwenyewe.

Tatizo lilitokea kwenye ile spika ya sinema. Karatasi yake ilikuwa na mipasuko, na Papa Anselme alikuwa ameiziba zamani kwa gundi ya unga wa muhogo na vipande vya gazeti, kama alivyofanya kila mara, na kila mara ilishika. Tulipoigeuza, tuliona mwanga. Mende walikuwa wamekula gundi yote, na kwa kuwa gundi ilikuwa imeshikana na karatasi, walikula na karatasi. Walikuwa wameacha tu tangazo moja la sabuni, sijui kwa nini.

Papa Anselme alikaa chini. "Zamani hawakukula."

"Zamani ilikuwa inapigwa, Papa," nilisema. Na ndivyo ilivyokuwa. Spika inayotikisika kila Jumamosi, mende hawezi kujenga maisha humo. Ni vita vilivyoinyamazisha, na kimya kikaleta wapangaji. Tangu siku ile nikiletewa spika iliyolala muda mrefu naigonga kwanza, niwaage waliomo.

Tulihitaji gundi ambayo mende hapendi na isiyokauka kuwa ngumu. Gundi ngumu kwenye karatasi ya spika ni kama jiwe ndani ya kiatu, spika inakohoa. Nikakumbuka miti ya mpira, ile ya mashamba ya zamani nje ya mji. Nilikwenda kwa toleka na kikombe, nikakwaruza gome, nikangoja yale maziwa meupe yadondoke, nikiimba peke yangu, naota wavuvi wa Basoko. Karatasi nilichagua ile nyembamba ya kufungia chai. Tabaka la utomvu, karatasi, utomvu tena, halafu jua. Ilikauka ikabaki laini kama ngozi. Na mjue, ilibadilisha sauti! Spika ile ilikuwa na ukali puani, sasa ilikuwa na joto. Papa Anselme aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigonga tena.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mende, Papa."

Kabla ya kuziunga spika mbili, jambo moja msilisahau hata mkiwa wazee. Chukua betri ya tochi, gusisha kwenye nyaya za spika, tazama karatasi inaruka upande gani. Mbele au nyuma. Kisha fanya hivyo hivyo kwa ya pili. Zote lazima ziruke upande mmoja. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kila moja inakula sauti ya nyingine, na unabaki na gitaa jembamba unashangaa limekonda lini. Na kamwe, kamwe msiwashe ampli ya lampu bila spika kuungwa. Nguvu ikikosa pa kutokea inageuka inachoma transfo, yaani transfoma, iliyo ndani. Lampu zile mbili, niseme tu hapa ili mtulie, ziliishi mpaka boti za Kinshasa ziliporudi. Ziliishi kwa sababu ya mambo madogo kama haya.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa asubuhi, watu wakala. Mchana mvua fupi ilipita, tukafunika bafle kwa turubai. Zaina mwenyewe, na hina mikononi, alikuja kuitazama.

"Papa Bolema ametengenezea nani hii?" aliuliza. Shangazi zake tayari walikuwa wamekataa kukaa karibu nayo.

"Ni ya kupigia muziki, dada," nikamjibu.

"Ifunikeni basi, batu bacheze."

Alileta kitenge kizito cha waksi. Nikamwambia hapana, nikamfundisha kipimo changu: weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, sauti itapita. Akapuliza waksi, mashavu yakamjaa, akacheka. Akavua mtandio wake mwepesi uliokuwa mabegani, akaupuliza, ukaruka. Huo ndio tuliopigilia mbele ya bafle, na ikaacha kuwa ya maiti.

Kisha akaja mwanajeshi. Alikuwa wa doria ya ufukoni, kijana, bunduki imening'inia. Aliutazama ule mdomo mpana wa mbao ulioelekezwa ng'ambo.

"Hii ni nini munaelekeza kule?"

"Ni bafle, chef," Papa Anselme akasema.

"Inarusha nini?"

"Muziki, chef."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yangu," Tonton Sefu akasema. "Iko kule. Leo ni arusi ya mujukuu yake."

Yule kijana aliangalia mto, akaangalia bafle, akaangalia sufuria za wali. Nilidhani atatufunga sote. "Sawa," alisema mwishowe. "Lakini mukipiga, mupige vizuri. Hata mama yangu iko mbali." Akapewa sahani, akakaa juu ya jiwe na bunduki mapajani, akala.

Tuliwasha ampli mapema, lampu zikapata moto taratibu, kisha Tonton Sefu akaanza. Mimi nilikaa chini kando ya ampli. Kazi yangu ilikuwa kuangalia lampu. Rangi ya chungwa ni sawa. Bati la ndani ya lampu likianza kuwa jekundu, punguza, usiombe ruhusa. Sauti ilikuwa ya ajabu. Nyuma, kwa wageni, ilitoka laini, ya mviringo, na watu waliingia uwanjani kucheza bila kuitwa. Mbele, nilipoinama kutazama, ilikuwa mkuki. Kila noti iliondoka na kwenda zake juu ya maji.

Ila baada ya ile mvua ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni. Ng'ambo yote ilikuwa nyeupe. Hakuna Lubunga, hakuna miti, hakuna nukta, hakuna manjano.

Tonton Sefu alipiga wimbo wa Koko. Aliuanza polepole, vile unavyobembelezewa mtoto, kisha akaugeuza sebene, na uwanja ukalipuka. Alipiga huku anatazama mto. Aliurudia. Papa Anselme alikuwa amesimama ukingoni, kiganja juu ya macho. Zaina alikuwa kando yake, mwanajeshi kando ya Zaina, sahani mkononi. Wote wanatazama ule weupe.

"Unaona kitu?" Tonton aliita.

"Bado!"

Akaurudia tena. Vidole vyake havikukosea hata mara moja, lakini uso wake ulikuwa umeanza kushuka. Aliniangalia, akaonyesha kwa kidevu kitasa cha sauti: ongeza. Nikaangalia lampu. Nikatikisa kichwa. Akafumba macho, akaendelea kupiga, na nilielewa kwamba hapigi tena kwa ajili ya wageni wala Zaina, anamwomba mtu msamaha kwa sababu ya ukungu.

Nikawaza: sote tunatazama. Hakuna anayesikiliza. Na nani angeweza kusikiliza, gitaa likilia namna hii?

Sikumuuliza mtu. Nilishika kitasa, nikakirudisha chini mpaka mwisho.

"Ee!" uwanja mzima ulipiga kelele. "Nani amekata sauti? Mado! Rudisha!"

"Nyamazeni!" nikasema, mimi ambaye sijawahi kuwaambia watu wazima hivyo. "Sikilizeni!"

Walinyamaza, nadhani kwa mshangao. Na kutoka ndani ya ule weupe, mbali, wazi kabisa, zilikuja sufuria. Vifuniko vya sufuria vikigongwa, na kinu kikitwangwa bila kitu ndani, na vigelegele, na sauti za wanawake wengi wakiimba wimbo wa Koko. Kina mama wa Lubunga walikuwa wamekaa naye kando ya maji. Walikuwa wanafuata sebene yetu, ila nyuma yetu, wamechelewa.

"Mbona bado banaimba?" Zaina alinong'ona. "Sisi tumeisha nyamaza."

"Sauti inatembea, binti," Papa Anselme alisema. "Gitaa ya baba yako bado iko nafika."

Mara wakakatika, wote kwa pamoja. Kimya chetu kilikuwa kimewafikia. Sasa walikuwa wanangoja, huko kwenye ukungu, na sisi tunangoja, na mto unapita katikati. Tonton Sefu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya gitaa, mabega yanatikisika. Mkono wake wa kushoto haukuondoka kwenye nyuzi. Zaina alimwekea kiganja mgongoni. Hakuna aliyenitazama.

Niliangalia lampu, zilikuwa zimepoa rangi kidogo, nzuri. Nikasubiri mpaka nilipoona kidole chake cha kwanza kinatafuta uzi wake. Ndipo nikashika kitasa, nikaanza kukipandisha, taratibu, kidogo, kidogo tena.